Usukani wa Mtu Mrefu: Mwongozo kwa Wakazi wa Walukuba Waliochoka Kuinama

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu: mkazi wa Walukuba, Jinja, mwenye futi sita na ushei, aliyenunua baiskeli ya gia kwa kupendezwa na rangi. Mwenye kimo cha wastani aendelee na shughuli zake. Mfupi naye asijisumbue kusoma, maana karibu kila kitu duniani, kuanzia kitanda cha gesti hadi siti ya taksi, kilishatengenezwa kwa hisani yake.

Masharti ya kujiunga ni mepesi. Uwe mrefu kwelikweli, si mrefu wa kofia. Tena uwe umeteseka kiasi cha kutosha: ukitoka Walukuba asubuhi viganja vinakufa ganzi kabla ya Bugembe, shingo inagoma kugeuka ukifika Wairaka, na getini Kakira unashuka umejikunja hata mlinzi, kijana mnayelingana umri, anakupisha na kukuita mzee. Ukiona hayo, usidhani uzee umekujia. Usukani uko chini.

Wapo watakaokwambia uzoee. Usiwasikilize, nao wanakaa Walukuba, wameshazoea mengi.

Mtaa wenyewe una historia ya kukunja watu. Serikali ya kikoloni ilianza kuujenga mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuendelea katika ile ya 1950, Jinja ilipokuwa ikiandaliwa kuwa mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954, kiwanda cha nguo cha Nytil kikaufuata umeme, na vibarua wakakifuata kiwanda: Wasamia, Wajaluo, Wateso, Waacholi, Walugbara, kila mmoja na lugha yake, wakakutana bombani na kusalimiana kwa Kiswahili. Nyumba walizopewa zilikuwa za kumlaza mtu aamke aende zamu. Aliyezichora alihesabu vitanda, hakupima vichwa. Na mjini humohumo palikuwa na kambi ya batalioni ya nne ya KAR, jeshi la kikoloni lililopenda sana kuandikisha vijana warefu wa kaskazini. Askari akistaafu, buti hurudishwa stoo. Urefu anabaki nao.

Basi mrefu wa Walukuba anainama mlangoni. Anainama kwenye taksi ya abiria 14, magoti yakimkanda mgongo wa aliyeketi mbele. Anainama chini ya kamba za nguo za majirani, na anainama akizungumza na mwenye nyumba, ingawa hapo kimo hakihusiki. Katika orodha yote hiyo ni baiskeli peke yake inayokubali kurekebishwa. Mlango una halmashauri, taksi ina kondakta, mwenye nyumba ana kitabu cha madeni. Usukani una bolti.

Kabla ya kuigusa bolti hiyo, tumjue wa kumlaumu. Baiskeli za mlimani hazikuzaliwa na usukani wa chini. Vijana wa Marin, katika jimbo la California, walipoanza kuteremka nazo Mlima Tamalpais miaka ya 1970, walitumia mabaiskeli ya zamani, mazito, yenye usukani mpana uliosimama. Mbio zao maarufu, zilizoanza mwaka 1976, ziliitwa Repack kwa sababu breki iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ilipata moto hadi grisi ikaungua, na kila wakishuka ilibidi ipakiwe upya. Watu hao walioteremka mlima huku breki ikifuka moshi walikaa wima. Walitaka kuona wanakoangukia.

Kisha wakaja wanamashindano. Kufikia miaka ya 1990 usukani ulikuwa umenyooshwa ukawa fimbo, shingo inayoushika ikarefushwa mbele, na mpandaji akalazwa kifudifudi juu ya fremu. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia kwenye Olimpiki, kule Atlanta. Mwaka huohuo, katika uwanja wa ndani wa Manchester, Mwingereza Chris Boardman alinyoosha mikono yote mbele, akainamisha kifua, akaendesha kilomita 56.375 kwa saa moja. Shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, UCI, likaupiga marufuku mkao ule. Lakini fasheni haina shirikisho. Mtu aliyekuwa akienda kununua mkate Copenhagen naye akataka kulala juu ya baiskeli, na kiwanda kikamtimizia haja yake.

Miaka ikapita, mtu huyo akasafisha gereji. Baiskeli ikaingia kontena, ikashuka Mombasa, ikavuka Malaba, ikatundikwa kwenye duka la mitumba la Jinja ikiwa imepakwa rangi ya chungwa. Wewe ukapita. Leo unakwenda Kakira katika mkao wa kukwepa upepo, na unapitwa na mzee aliyepakia gunia la mkaa kwenye baiskeli nyeusi, ameketi wima, anapiga mluzi.

Mzee huyo ana dawa ya ugonjwa wako, na ni haki uambiwe mapema. Baiskeli nyeusi ya Kihindi, iwe Hero au Roadmaster, ina magurudumu ya inchi 28, fremu inayopatikana hadi inchi 24, na usukani unaorudi nyuma kumfuata mpandaji badala ya kumngojea huko mbele. Mafundi wetu huiongezea vyuma kwenye foku na kerieri pana nyuma. Mashariki hii ndiyo iliyozaa boda, pale mpakani Busia, kwa baiskeli hizohizo, kabla pikipiki hazijaja kudai urithi. Na hadi leo kijana akifunga mto mzuri kwenye kerieri, abiria wake hukaa vizuri kuliko katika ofisi nyingi za serikali. Mwenye akili timamu angenunua hiyo, na mwongozo ungeishia hapa. Ila wewe unataka gia, tena unataka ile springi ya mbele inayolia. Tuendelee.

Hatua ya kwanza: usiguse usukani.

Anza na kiti. Warefu wengi huendesha na kiti kilivyotoka dukani, chini kabisa, magoti yakipanda na kushuka jirani na masikio, halafu wanaushtaki usukani kwa makosa ya kiti. Kaa kitini, egemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Nguzo ya kiti ina alama ya mwisho iliyochongwa kiwandani; ikionekana nje, nguzo hiyo ni fupi kwako, tafuta ndefu. Atatokea mtu wa kukwambia kwamba alama ni mambo ya Wazungu. Nguzo iliyoshikwa kwa sentimita mbili hupasua fremu, na itachagua kufanya hivyo siku umevaa suruali ya harusi.

Sasa kiti kimepanda na usukani umebaki bondeni. Hali imekuwa mbaya kuliko ulipoanza. Hongera. Huo ndio ukubwa halisi wa tatizo, na ni afadhali kuuona wote kwa mpigo kuliko kuletewa kwa awamu. Iwapo kiti kimefika mwisho na bado magoti yanagonga usukani unapokata kona, basi fremu hiyo ni ya mtoto. Muuzie mpwa wako kwa bei ya kindugu, yaani bei ya dukani na lawama juu.

Hatua ya pili: ijue shingo yako ni ya ukoo gani. Koo ni mbili, na hazioani. Ya zamani, iliyotamalaki hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni shingo ya kuchomeka: inaingia ndani ya mrija wa foku, na juu yake kuna bolti moja ndefu. Ya siku hizi huukumbatia mrija kwa nje, na ina bolti mbili ubavuni. Ukiona shingo nyembamba inayozama ndani ya nati kubwa, wewe una baiskeli ya kale, na una bahati. Ukiona bolti mbili ubavuni na kifuniko juu, pole kidogo. Fundi atakwambia zote ni sawa. Kwake ni kweli, kwa sababu zote ataanza nazo kwa nyundo.

Vifaa havizidi mfuko mmoja: spana ya namba 13 au spana ya L ya milimita 5 na 6, grisi, kipande cha mbao, na nyundo ambayo utaikalia mwenyewe ili isishikwe na mwingine. Watazamaji huwa hawatafutwi. Ukipindua baiskeli popote Walukuba watakuja: mstaafu wa kiwandani, kijana wa boda ambaye yake imeharibika tangu juzi, na mtu mwenye simu masikioni anayetoa ushauri bila kukatisha maongezi yake ya simu. Wasikilize wote kwa adabu. Jinja ndiko makao ya FABIO, shirika linalohimiza matumizi ya baiskeli, kwa hiyo huwezi kudai kwamba mji mzima hakuna anayejua; ila wajuzi hao huwa hawapiti wakati umepindua.

Tuanze na shingo ya kuchomeka. Bolti ile ndefu inashika kabari iliyo chini kabisa, ndani. Ukikaza, kabari inavutwa na kubana ukuta wa mrija. Ndiyo maana ukilegeza bolti hakuna kinachotokea, na hapo wasio na subira huifungua yote. Usiifungue yote, kabari isije ikadondoka ndani ya foku. Legeza mizunguko mitatu hadi minne, kichwa cha bolti kiinuke, weka mbao juu yake, kisha gonga mara moja, kwa heshima. Kabari inashuka, shingo inakuwa huru, nawe unauzungusha usukani kushoto na kulia huku ukiuvuta juu.

Hayo ni ya kitabuni. Jinja iko kando ya ziwa, na baiskeli za Masese hubeba dagaa wa mukene wanaochuruzika maji njia nzima. Shingo ya aluminiamu ikikaa miaka ndani ya mrija wa chuma bila grisi, viwili hivyo hushikana kwa uaminifu usioonekana katika ndoa nyingi za mtaa. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, uache hadi asubuhi, kisha bana gurudumu kwa magoti na uupindishe usukani kwa nguvu. Chini ya mwembe wa fundi mazungumzo huenda hivi:

"Bosi, hii haipandi."

"Kwa nini, fundi?"

"Haijawahi kupanda."

"Si ndiyo maana nimeileta?"

"Basi tuiwashie moto. Ikikataa nimwite anayechomelea."

Moto unalegeza, si uongo. Unaondoa pia ile rangi ya chungwa iliyokufanya ununue. Kuhusu anayechomelea, asiitwe kwanza, tutafika kwake.

Shingo ikishakubali, ivute. Karibu na mwisho wake kuna mstari uliochongwa, pengine na maandishi. Huo usionekane nje: sentimita sita hadi saba za shingo sharti zibaki ndani ya mrija. Mtaani ipo imani kwamba mstari huo ni pambo, na yapo meno ya mbele yaliyopotea kwa imani hiyo. Mrefu hujaribiwa kuliko wengine, kwa kuwa mstari hutokeza palepale mgongo unapoanza kupata raha. Jizuie. Paka shingo grisi ili mwakani usirudi kwenye moto, irudishe, nyoosha usukani ulingane na gurudumu, kaza. Halafu simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kwa magoti, jaribu kuupindisha. Ugome, lakini ukitumia nguvu zote, ukubali kidogo. Usukani usiokubali kabisa umekazwa na mtu mwenye hasira, na bolti yake iko njiani kukatika.

Kuna nyongeza ambayo hukuilipia. Sehemu ya mbele ya fremu imelalia nyuma, hivyo kila sentimita tatu unazopandisha zinausogeza usukani kama sentimita moja kuelekea kifuani. Umelipa kupanda, umepewa na kusogea. Muuza nyanya hafanyi hivyo siku hizi.

Wenye baiskeli za mwanzoni mwa miaka ya 1990 wawe macho. Baadhi yake waya wa breki ya mbele unapita kwenye shingo yenyewe, kwa hiyo ukiinua shingo umevuta breki. Legeza waya kwanza. Gurudumu likigoma kuzunguka baada ya matengenezo, usimtafute aliyekuroga.

Sasa ukoo wa pili. Hapa kimo cha usukani kinategemea mrija wa foku ulivyojitokeza juu ya fremu, na mrija huo aliukata mwenye baiskeli wa kwanza. Alikuwa kijana, alikuwa na msumeno, na alikuwa amesoma mahali kwamba kila gramu ni adui. Sentimita nne unazozililia leo aliziacha kwenye pipa la taka huko Ulaya, na hakuna kontena litakalozileta.

Yapo yanayowezekana, hata hivyo. Tazama pete zilizopangwa juu ya shingo. Zihamishie chini yake. Halafu igeuze shingo juu chini. Nyingi zina pembe, nazo ziliwekwa zikitazama ardhi kwa ajili ya mashindano ambayo wewe hutaingia. Shingo ya sentimita kumi yenye pembe ya digrii 6 tu, ikigeuzwa, hupandisha usukani karibu sentimita mbili, bure, na bure ni bei ambayo fundi huwa hakumbuki kuitaja. Kama bado, tafuta shingo fupi yenye pembe kali, au kirefusho kinachofungwa juu ya mrija, ambacho si kizuri kwa macho lakini wewe unakaa nyuma yake, wenye kukiona ni wengine.

Katika kukaza, utaratibu haubadilishwi. Kwanza bolti ya kifuniko cha juu, kidogo tu, hadi beringi ziache kucheza huku usukani ukizunguka kwa hiari. Kisha bolti mbili za ubavuni, kwa zamu, sawasawa. Bolti ya juu haishiki usukani. Narudia kwa ajili ya yule fundi anayeikaza hadi mishipa ya shingo inamtoka, shingo yake, si ya baiskeli: bolti ya juu hubana beringi tu. Za ubavuni ndizo zinazokuzuia usielekee kulia wakati gurudumu linaelekea kushoto. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga ndani, beringi bado zimelegea, rudia tangu mwanzo.

Yakishindikana hayo, badilisha usukani wenyewe. Ondoa fimbo, weka unaopinda kupanda kwa sentimita nne au tano, au hata ule wa BMX unaopanda zaidi. Lakini nenda dukani na kipimo. Mahali panaposhikwa na shingo, usukani wa zamani una kipenyo cha milimita 25.4, wa karibuni 31.8. Kati ya namba hizo mbili ndipo linapoingia kopo la soda. Fundi hukata ukanda wa bati, huuzungushia mara kadhaa, hukaza, hufuta mikono. Inashika, tena inashika vizuri, hadi kwenye tuta la kwanza, ambapo usukani huzunguka kuelekea chini na wewe ukaufuata. Kipete cha kujazia kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hupatikana, na bei yake haifiki ya kung'oa jino, achilia mbali ya kurudisha.

Mchomeleaji sasa anaweza kuitwa. Ni mtu wa heshima, na kerieri zake ni bora kuliko zilizotoka kiwandani. Sina ugomvi naye huko. Hapa atakwambia tukate shingo, tuunge kipande cha bomba, upande unavyotaka, hata nusu mita. Ukumbuke kazi yake ya kila siku ni milango na mageti, na geti halijawahi kuteremka mlima likiwa na mtu juu. Shingo ikiwa ya aluminiamu, bomba la chuma haliungani nayo kwa kuchomelewa; atajaribu hata hivyo, ili asikuvunje moyo. Ikiwa ya chuma itaungana, lakini moto unadhoofisha chuma cha kandokando, na hapo ndipo itakapokatika. Ukimrudia umejifunga bendeji atakagua kazi yake kwa makini, kisha atakuonyesha kwa kidole: "Bosi, tazama mwenyewe, nilipochomelea hapajavunjika." Na atakuwa anasema kweli.

Tuseme umefaulu. Usukani umepanda, umekaa, unajiona mtu. Sasa nyaya zimekuwa fupi. Ukikata kulia breki inajibana yenyewe; ukikata kushoto gia zinahama bila kuombwa. Wapo walioamua kuishi na hali hiyo kwa kupanga safari zenye kona za upande mmoja. Kutoka Walukuba hadi Main Street inawezekana. Kurudi ndiko kwenye kazi. Dawa ni waya mpya na ganda lake jipya, vilivyopimwa usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho pande zote mbili. Ni vitu rahisi kuliko vyote ulivyonunua hadi hapa, na ndivyo watu husema watavinunua mwezi ujao.

Kipimo cha kupanda ni kipi? Usukani ukilingana na kiti, au ukikizidi kwa sentimita chache, unatosha. Ukifika kidevuni umetengeneza pikipiki ya sinema. Tena tarajia malalamiko kuhamia ofisi nyingine: uzito uliokuwa viganjani sasa umekaa kitini, na kile kiti chembamba cha mashindano, ambacho zamani hukukitilia maanani, kitajitambulisha. Badilisha kiwe kipana.

Majaribio yafanywe barabara ya kwenda Mbale. Tangu tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zote ni majiji, na mashimo yake yakapandishwa hadhi pamoja nayo. Pita Iganga, shika barabara ya Tirinyi, vuka vinamasi vya mpunga. Huko ni tambarare, na utajiona mfalme: unaona mbele, unaona pembeni, unasalimia watu kwa majina. Upepo wa vinamasini ukikujia usoni utamkumbuka Boardman kwa muda, kisha utapita. Ukifika Mbale, elekea Wanale. Kwenye mwinuko mkali gurudumu la mbele litaanza kunyanyuka ardhini, kwa sababu mwili ulioinuka umepeleka uzito nyuma. Hakuna kilichoharibika. Sogea mbele ya kiti, kunja viwiko, shusha kifua kuelekea usukani. Ndiyo, utainama. Tofauti ni kwamba utainama pale mlima unapotaka, dakika kadhaa, halafu utarudi juu.

Mkao wa wima una gharama moja ambayo mafundi hawaitaji. Unaonekana. Ulipokuwa umelala juu ya fremu, mwenye duka anayekudai aliona kofia tu ikipita. Sasa anakuona tangu ukiwa kwenye reli, na unafika kwake akiwa ameshafungua ukurasa.

Siku ya kuiuza baiskeli, rudisha kila kitu chini: usukani, kiti, na pete ulizohamisha. Mnunuzi atakuwa mfupi, na atakuja na hela mkononi. Ataikagua, atapenda rangi, kisha atainama kidogo na kuuliza mbona shingo ina mikwaruzo ya kupanda na kushuka. Mwambie ni alama za kiwandani, asizivuke.